Nilivyombeba mama mkwe kuvuka mto wa mchanga, na nguvu zile hazikuwa zangu

Wakuu, habari za jioni. Mwenye chai amimine, mwenye haraka asome kesho.

Nitakayosimulia yalinipata mimi mwenyewe. Kuna mahali ukweli utapunguza utamu wa hadithi, na hapo mnivumilie, maana nimeamua kuuacha ukweli ulivyo.

Mimi ni fundi cherehani pale Tulia, Kitui. Kwetu ni Kasikeu, upande wa Makueni, lakini mke nilimtoa karibu na Nuu. Kazi yangu ni ya kukaa. Miguu yangu inajua pedali tu, mgongo unauma nikibeba hata mtungi wa gesi, na mke wangu husema siku moja upepo wa Agosti utanipeperusha nikiwa njiani kwenda kanisani.

Sasa, kwa wale ambao si Wakamba.

Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humwangalii usoni, humshiki mkono, huli naye meza moja. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa tatu. Vijana wa mjini wameilegeza sana, siku hizi unaona mtu anapiga selfie na mama mkwe. Lakini mama mkwe wangu ni wa kizazi cha zamani, na mimi nililelewa na nyanya, kwa hivyo tulipatana vizuri sana kwa kutozungumza.

Nikienda kwake chai inaletwa na mtu mwingine. Nikifika yuko jikoni, nikiondoka yuko jikoni. Hata nilipomshonea gauni la kwaya ya akina mama sikumpima. Mke wangu aliniletea vipimo, nikakata kitambaa kwa imani.

Msije mkamwelewa vibaya huyu mama. Ni mtu wa Mungu kabisa, mjane, kiongozi wa maombi kanisani kwao. Na ombi lake kanisa zima linalijua: Mungu ampe nguvu. Tangu mzee wake afariki, shamba limebaki kubwa na mikono ya kulilima imepungua.

Haya, kisa chenyewe.

Mke wangu alikuwa amejifungua msichana, bado mchanga kabisa. Kule Nuu ndengu, yaani choroko, zikawa zimekauka, zinataka kuvunwa kabla hazijapasukia shambani. Nikafunga kibanda changu nikaenda kusaidia. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na shemeji yangu Musyoka, kaka ya mke wangu.

Shamba liko ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ni mchanga mtupu, mpana, hauna maji mpaka mvua inyeshe kule juu.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Musyoka alitangulia na punda kupeleka magunia ya kwanza, na majirani wote nao walikuwa wamekwenda sokoni. Shambani tukabaki mimi na mama mkwe, yeye kona ile, mimi kona hii, kila mtu amempa mwenzake mgongo. Mpita njia angedhani tumekosana.

Nikasikia kishindo, kisha mtu akilia kwa kujizuia.

Nilipogeuka, mama hakuonekana. Alikuwa ameteleza kwenye tuta la kuzuia maji akaangukia mtaroni. Nilimkuta ameketi chini, na mguu umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi.

Nikasimama pale kama mlingoti. Na yeye, pamoja na maumivu yote yale, kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta leso akafunika uso.

Mtu wa tatu hakuwepo. Hata mbwa tulikuwa tumemwacha nyumbani.

Basi mama akainua kichwa juu, leso ikiwa usoni, akasema kwa sauti, "Mungu wangu, mwambie huyo mtu aende aite watu."

Nikaelewa. Nikavua kofia nikajibu kwa njia hiyo hiyo. Nilimwomba Mungu amjulishe mama kwamba watu wote wako sokoni, ila nitapanda kwenye mwamba nitafute network.

(Mnaocheka, chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka nacheka peke yangu kwenye cherehani mpaka wateja wananiangalia vibaya.)

Kule juu ya mwamba nikampata Musyoka kwa simu. Akasema yuko na rafiki yake Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Garissa, na kwamba watakuja na pikapu ya Abdi mpaka ukingo wa mto. Kuvuka hawataweza, mchanga ule unameza magurudumu.

Nikiwa bado pale juu nikaona jambo lingine. Upande mto unakotoka, mawingu yalikuwa meusi. Mto ule ukishuka na mafuriko hakuna anayevuka mpaka siku ya pili. Na mama nilikuwa nimemwacha akitoka jasho baridi. Nikajua kama hatavuka sasa, anaweza kulala pale na mguu ule, na sikujua kama angeamka.

Nikashuka mbio.

"Mungu," nikasema, "mwambie mama gari linakuja ng'ambo, na inabidi nimbebe mgongoni."

Mama akaikaza leso usoni.

"Mungu, mwambie mimi ni mzito."

Wakuu, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nikaufunga mguu kwa vijiti na vipande vya shati langu, nikiangalia kando wakati wote, kazi ambayo simshauri mtu yeyote. Halafu nikapiga magoti nikaomba.

Niliomba kwa moyo wote Mungu anipe nguvu. Na niseme ukweli, nilidhani zitakuja kama stima inavyorudi nyumbani, taa zote zikawaka mara moja. Nikasubiri nisikie kitu mikononi. Sikusikia chochote. Mikono ilikuwa ile ile ya kushika sindano.

Nikainama, uso nimeugeuza. Mama akanishika begani kwa ncha za vidole. Nikainuka nusu, tukaanguka wote wawili kwenye ndengu.

Alilia kwa uchungu, na mimi nikaogopa sana. Nilijiona nimemuua mama ya mke wangu.

Pale chini ndipo alipoondoa leso. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso vizuri. Ni mke wangu kabisa, macho yale yale.

"Mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu. "Mungu amechoka kutumwa. Wewe inama vizuri, na mimi nitashika vizuri."

Nikainama vizuri. Akanikumbatia shingo kwa mikono yote miwili, nikamshika kama mtu anavyomshika mama yake, nikasimama.

Hapo ndipo nilipojua vipimo vya lile gauni vilikuwa vya uongo. Mke wangu alimpunguza mama yake kwa adabu, na yule mama alivaa gauni la kumbana Jumapili baada ya Jumapili bila kusema neno.

Kutoka shambani hadi mtoni ni mteremko, nikamudu. Shida ilikuwa mchanga. Ambaye ameutembea mchana anajua: unaweka mguu, unazama, unautoa, unazama tena. Nilipotazama ng'ambo nikakata tamaa. Nikamwambia mama kwamba kule sifiki.

"Ng'ambo wachana nayo," akasema. "Fika tu kwa ile jiwe."

Nikaenda mpaka kwenye jiwe. Na njiani akaanza kuomba, mdomo uko karibu na sikio langu.

Nilitegemea auombee mguu wake. Hakuutaja. Aliombea magoti yangu, la kulia na la kushoto kwa zamu. Aliombea pumzi yangu. Halafu akaombea mgongo wangu, akasema, "Baba, hii mgongo nimekuletea tangu mwaka alioa msichana wangu, leo usiniangushe."

Nilisimama katikati ya mto.

Kumbe alijua. Mke wangu alikuwa akimwambia nikiumwa, na yeye kule jikoni, ambako mimi nilidhani ananikwepa, alikuwa akiutaja mgongo wangu kwa Mungu miaka yote ile. Wakuu, machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Baada ya jiwe akanionyesha kichaka. Baada ya kichaka, gogo. Nikifika kituo napumua, anaomba, tunaenda. Hakuna hata mara moja niliyojisikia nina nguvu za ziada. Nilikuwa nazo za kufika kituo kinachofuata tu, na nikifika naona nyingine zimeongezwa hapo hapo. Siwezi kuieleza zaidi ya hivyo. Mtu wa kilo zangu, kwa mzigo ule, kwenye mchanga ule, hesabu haikubali.

Tulipokaribia ukingo, Musyoka na Abdi ndio walikuwa wanashuka kwenye gari. Musyoka alipomwona mama yake mgongoni mwangu alisimama ghafla, akageuza uso pembeni kwa aibu. Abdi, ambaye habari za nthoni hazijui, akamuuliza anangoja nini, akaja mbio, akanipokea upande mmoja akisema Mungu ni mkubwa.

Mama akamwambia Musyoka akiwa bado amenishika shingo, "Unaangalia wapi? Kuja ushike. Huyu ni mtoto wangu."

Abdi aliwasogeza mbuzi wake nyuma, tukamlaza mama juu ya magunia, tukaenda Mwingi hospitalini. Mfupa ulikuwa umevunjika mahali pamoja. Akafungwa plasta, akaanza kupona.

Sasa pale nilipowaahidi ukweli. Wengi mnangoja niseme mto ulishuka nyuma yetu kwa kishindo. Haukushuka. Yale mawingu yalienda kunyesha kwa watu wengine, sisi hatukupata hata tone. Na mgongo wangu haukupona kimuujiza. Nililala kifudifudi karibu wiki nzima, nikikandwa kwa maji moto.

Lakini mama anatembea.

Juzi tulikuwa kanisani kwao Nuu kwa shukrani. Akasimama na fimbo yake, na gauni jipya ambalo safari hii nilimpima mwenyewe, tepu mkononi, mbele ya mke wangu aliyekuwa anaangalia dari. Watu walidhani atashukuru kwa mguu. Akasema maneno machache tu, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Nyinyi mmenisikia nikiomba nguvu tangu mzee wangu aende. Mungu alikuwa ashaileta kwa boma yangu zamani. Ni mimi nilikuwa naifunikia uso."

Kisha akanyoosha mkono kunionyesha, na kanisa lote likageuka kuniangalia, fundi mzima nikakosa pa kujificha.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliomba nguvu nikazitafuta mikononi mwangu, nikaziona hazipo. Kumbe zilikuwa zimepandishwa mgongoni, zinaniombea sikioni. Nthoni sijaitupa, heshima ni heshima, bado siketi kwenye kiti chake. Ila nadhani Mungu akimtumia mtu msaada, mara nyingi anauweka kwa mtu ambaye huyo mwenyewe anaona haya kumkaribia.

Nawasikiliza na ninyi. Kuna mtu amewahi kubebwa, au kubeba, na akajua kabisa si yeye? Na Wakamba wenzangu mliopo humu, mnisaidie: baada ya siku kama ile, nthoni inarudi tena ama imeisha?

Nauliza kwa sababu mama yuko hapa Tulia kwetu wiki hii, amempakata mjukuu, na tangu jioni ameniita mara nyingi kuliko anavyomwita binti yake. Anataka tuombe kabla ya kula.

Amesema leo ni zamu yangu kumwombea yeye magoti.