Vifaranga wa Mama Koleta na Makala Isiyotajwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa jogoo. Sikupewa kiti, sikupewa meza, wala sikuonyeshwa choo kilipo. Mkuu wa Idara, mzee mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, alinitia jogoo mikononi akasema, "Chota damu."

Nilikuwa nimetoka masomoni ng'ambo na shahada yangu ya elimu ya kinga, yaani elimu ya namna mwili unavyopambana na maradhi, na nilijiona mtu kwelikweli. Jogoo akanichapa ubawa wa uso, akarukia juu ya kabati la chupa. Mkuu wa Idara hakucheka hata kidogo. "Dokta," akasema, "huyu hana habari kwamba umesoma. Mshike kama unavyoshika mtoto wa watu, umnyooshe ubawa, mshipa utauona." Nikamshika, nikauona mshipa, nikachota. Tangu siku hiyo sijashindwa na kuku yeyote. Nasema hivyo bila haya, maana ninyi wahadhiri wa siku hizi mkiletewa kuku mnamwita mtu wa maabara.

Ugonjwa tuliopigana nao ulikuwa mdondo. Aliyefuga kuku Morogoro hahitaji kuelezwa. Asubuhi unafungua banda unakuta kuku wamejikunyata, shingo zimepinda, na kufikia Jumapili huna hata wa kumchinjia mgeni. Chanjo ilikuwapo, tone moja tu jichoni. Tulichokuwa hatukijui vizuri ni namna inavyofanya kazi kwa kuku wa kijijini, wanaozurura na kulala jikoni, wasiojua mlango wa banda ni kitu gani.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Pale Mwembesongo nilikokulia, maduka yaliyokuwa matupu yalianza kufurika sabuni, redio na mitumba. Sisi chuoni mambo yalikwenda kinyume. Vifaa vya maabara vilikwisha, majarida ya kisayansi yakaacha kuja maktaba, na serikali ikawa inapunguza wafanyakazi. Kila tulipouliza, tuliambiwa tutafute wafadhili. Mkuu wa Idara akaniita ofisini siku moja, akafunga mlango.

"Hao wapunguzaji watapita na kwetu," akasema. "Atakayebaki ni mwenye makala. Wewe unazo ngapi?"

"Sina, Mzee. Nina ile ya shahada tu."

"Basi andika, mama. Ukishindwa hapa utarudi Mwembesongo kuuza mitumba, na mitumba yenyewe hujui kuinadi."

Alinitania, lakini nilitoka mle nikipiga hesabu za ada. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa tegemeo. Wadogo zangu walisoma kwa mshahara wangu, na mama yangu alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni dokta wa chuo kikuu.

Niwaeleze kidogo. Mtafiti huhesabiwa kwa mambo mawili. La kwanza ni makala zake, yaani taarifa za utafiti zinazochapishwa kwenye jarida baada ya wataalamu wengine kuzikagua. La pili ni kutajwa, yaani watafiti wengine, wanapoandika za kwao, waweke jina lako kwenye marejeo kwamba jambo hili tumelipata kwa fulani. Makala isiyotajwa ni kama harusi isiyohudhuriwa. Mmeoana, sawa, lakini nani kaona?

Mungu si Athumani, mradi ukaja. Mfadhili alitoka Ulaya, na Mratibu wa Mradi, mzungu mrefu mstaarabu aliyekunywa chai ya rangi bila sukari, akanichagua kusimamia vijiji vya milimani. Kijiji changu kikuu kilikuwa juu kabisa upande wa Mgeta, watu wa kabichi, njegere na kanisa. Tuligawa nyumba mafungu mawili. Fungu la kwanza kuku wote walichanjwa kila baada ya miezi mitatu, hata kifaranga wa juzi. Fungu la pili hawakuchanjwa mpaka mwisho wa kazi. Hao tuliwaita kuku wa kulinganishia, kwa sababu bila wao huwezi kujua kama aliyepona kaponywa na chanjo au na bahati yake. Padri alitutangazia baada ya Misa, kila nyumba ikakubali, tukapaka rangi milango ya fungu la kwanza. Mambo yalikuwa yamenyooka mpaka nikaanza kuhesabu moyoni sifa nitakazopata.

Mdondo ukapanda mlima. Nilipanda nyuma yake na sanduku langu la barafu, nikakuta maajabu. Kwenye nyumba zisizochanjwa, kuku wakubwa walikufa kama tulivyotarajia, ila huku na huku kulikuwa na vifaranga wadogo wanadonoa chenga za mahindi, wazima, wana raha zao. Kwenye nyumba zilizochanjwa, wakubwa walikuwa salama, lakini wale tuliowachanja wakiwa vifaranga wengi wao walikuwa wamekufa.

Mratibu alizisoma karatasi zangu akatikisa kichwa. Kiswahili alikijua. "Dokta, kijiji hiki kimeharibika. Wamechanganya kuku. Tukiondoe kabisa kwenye taarifa, tubaki na vijiji vya bondeni."

"Kijiji hakiharibiki," nikamjibu. "Kuna jambo hatujaliuliza."

"Hatuna muda wa kuuliza. Mfadhili anangoja."

Nilikasirika, jamani! Bila kijiji kile sikuwa na makala, na bila makala sikuwa na kazi. Lakini nisiwadanganye, hofu ya kazi haikuwa peke yake. Niliwaona wale vifaranga kwa macho yangu. Mtu hawezi kuniambia sikuona nilichokiona. Nikapanda tena mlima.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Koleta, mwenyekiti wa kina mama wa parokia, ambaye nyumba yake ilikuwa kwenye fungu lisilochanjwa na vifaranga wake walikuwa wazima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena kutuchota damu?"

"Leo nimekuja kuuliza. Hawa vifaranga mama yao yuko wapi?"

"Si yule pale chini ya kihenge."

"Ni kuku wako?"

Akanitazama kama naulizia jua limetokea wapi. "Mimi namfuga. Mwenyewe ni shemeji yangu, kule mlango wenye rangi. Alinipa nimfugie. Akitotoa tunagawana, nusu kwake nusu kwangu. Na mimi wangu wawili wako kwa mke wa katekista."

"Alikupa lini? Kabla ya chanjo au baada?"

"Baada. Mliposema wa kwake wamepata dawa, nikamwambia shemeji, basi nipe huyo mwenye dawa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani. Tuligawa nyumba, na kuku wa milima hii ya Uluguru hafugwi kwa nyumba! Kuku mmoja ana mwenyewe huku, mfugaji kule, na vifaranga wake wana mabibi na mashangazi mlima mzima. Waheshimiwa wote tuliokaa mezani kupanga ule utafiti, wazungu kwa weusi, hakuna aliyekumbuka kuuliza kuku ni wa nani. Mama Koleta naye akacheka, akaniletea ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando.

Hapo mambo yakaanza kufunguka. Mama aliyechanjwa humpa mwanawe kinga kupitia kiini cha yai. Kifaranga anaanguliwa tayari ana walinzi mwilini, ndio tunaowaita kingamwili, na ndiyo maana wale wa Mama Koleta walipona bila tone hata moja. Lakini walinzi hao hao ukiwatilia chanjo mapema wanaipiga wakidhani ni adui. Chanjo inakufa, halafu kinga ya mama nayo inapungua siku baada ya siku, na mdondo ukija baadaye unamkuta mtoto mtupu. Sisi kwa haraka yetu ya kumchanja hata wa juzi ndio tuliowaacha vifaranga wazi.

Dhana haitoshi, lazima upime. Nilichota damu kwa kuku mama, kwa watoto wao, na kwa watoto waliogawanywa nyumba nyingine. Kipimo chenyewe kilifanywa kwenye sahani ya vishimo vidogo. Unachanganya majimaji ya damu ya kuku na kirusi, kisha unatia chembe nyekundu za damu. Kingamwili zikiwapo, chembe zinatulia chini ya kishimo kama kifungo chekundu cha shati. Zisipokuwapo, zinatanda kama ukungu. Nilipoinamia zile sahani nikaona vifungo vya mama vimejirudia kwa wanawe, mstari baada ya mstari, nilipiga kelele. Mkuu wa Idara alitoka mbio ofisini akidhani nimejikata.

Mratibu hakushawishika. Alisema jaribio lililovunjika haliwezi kuzaa ukweli, akaomba jina lake lisiwekwe kwenye makala. Sikumchukia, alikuwa mtu wa kanuni. Jarida kubwa la Ulaya nalo likaikataa makala kwa maneno yale yale. Hatimaye ikatoka kwenye jarida dogo la kanda yetu, karatasi nyembamba, wino unapakaa vidoleni. Mkuu wa Idara aliishika kwa mikono miwili. "Makala ni makala," akasema, na upunguzaji ulipopita idarani jina langu halikuguswa. Nilikwenda Mwembesongo nikamsomea mama yangu kichwa cha habari. Hakuelewa neno, akapiga vigelegele.

Niliandika nyingine nyingi baada ya hapo, nzuri tu. Lakini ile ndiyo niliyoipenda, na ile ndiyo niliyoipeleka mbele nilipoomba uprofesa. Mwenyekiti wa Kamati ya Vyeo alikuwa mtu mpole, alinikaribisha kiti kabla ya kuniumiza.

"Dokta, kazi yako hii tumeitafuta kwenye marejeo ya wenzako. Haijatajwa. Dunia haijaiona."

"Jarida lenyewe halifiki duniani, Mwenyekiti."

"Ndivyo ilivyo. Lakini kamati itafanyaje?"

Iliniuma. Niliomba tena baadaye, wakaninyima tena kwa sababu ile ile. Nilistaafu nikiwa mhadhiri mwandamizi, na wanafunzi wangu wawili wakanipita wakaitwa maprofesa nami nikiwapigia makofi kwenye mahafali. Nilipiga makofi kwa moyo mmoja, ila nilipofika nyumbani Kihonda nililia. Sikulilia cheo tu. Nililia kwamba jambo nililolijua kuwa kweli, nililolifundisha kila darasa na kila semina ya mabwana mifugo, litazikwa nami.

Siku hizi wahadhiri vijana wananitembelea, wananifungulia simu kunionyesha walivyotajwa. Nafurahi nao, na nawaambia waendelee kuchapisha, tena kwenye majarida makubwa, wasijidanganye kwamba heshima haina maana. Ina maana. Mimi niliikosa, najua.

Juzijuzi nilikuwa natoka Dodoma kumwona mjukuu, basi letu likasimama Dumila. Nikakumbuka nina vifaranga nyumbani, nikaingia kwenye duka la dawa za mifugo, yale maduka ya watu binafsi yaliyoota kila njia panda tangu serikali ilipojitoa kwenye biashara hiyo. Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya mnadani, akaniamkia.

"Shikamoo, bibi. Nikupe nini?"

"Marahaba. Nipe chanjo ya mdondo. Nina vifaranga wametotolewa wiki hii."

Alikuwa ameshaitoa chupa, akairudisha ndani ya friji. "Mama yao alichanjwa?"

"Alichanjwa."

"Basi sikuuzii leo, bibi, utatupa hela yako. Kifaranga wa mama aliyechanjwa anazaliwa na kinga ya mama yake, ukimchanja sasa hivi ile kinga inaiua chanjo. Ngoja malaika, yale manyoya laini ya utoto, yamtoke, manyoya makubwa yashike, ndipo uje."

Nikaisogelea kaunta.

"Hayo kayasema nani?" nikamuuliza.

"Aa, bibi, hili nalo la kuuliza?" akacheka. "Kila mtu anajua."

Nje kondakta alikuwa anatuita abiria tupande. Nikauweka mkoba wangu juu ya kaunta.

"Rudia tena, mwanangu," nikamwambia. "Polepole, nisikie vizuri."