Siku Nilipojenga Programu Bila Kufuli Ilemba

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Tehama wa hospitali yetu hapa Sumbawanga hakunionyesha kompyuta. Alinipa rundo la karatasi, akaniambia nikae dirishani nisome. Yalikuwa maandishi ambayo mashine huyatoa inapojenga programu, mstari kwa mstari. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kinang'aa, nikajiona nimedharauliwa. Nilisoma kurasa tatu, nyingine nikafunua tu huku nikiota jua.

Hospitali ilitumia programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Kuijenga ni kuugeuza msimbo huo uwe programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Lakini hakuna programu inayojitosheleza. Zote hutegemea maktaba, yaani vifurushi vya msimbo vilivyoandikwa na watu wengine. Ya maana kuliko zote kwetu ilikuwa ya usimbaji fiche, ile inayovuruga taarifa zikiwa njiani ili asiye na ufunguo asizisome. Tuliiita kufuli. Mkuu alitukataza kujitungia kufuli letu, na alitukataza pia kunakili la wengine na kulifukia ndani ya msimbo wetu. Likigundulika lina tundu, wenyewe wataziba lao, na letu litabaki na tundu lake. Hilo nililishika vizuri.

Mwaka wa pili nilitumwa Ilemba, kwenye zahanati iliyopewa kompyuta ya aina tofauti na zetu, hivyo programu ilibidi ijengwe palepale. Mistari ilitiririka, mwisho ikasema kazi imekamilika. Nilimwarifu Mkuu kwamba imejengeka bila kosa hata moja. Muuguzi mfawidhi aliijaribu akafurahi, maana ilikuwa nyepesi kuliko ya mjini. Juma zima nililishwa samaki na sifa.

Katika juma hilo alikuja mzee mmoja mfugaji, Msukuma, aliyekuwa akitibiwa kifua kikuu. Hakutaka kabisa kuingizwa kwenye mashine. Binti yake alikuwa anaposwa, na aliogopa wakwe wasije wakasikia. Mimi ndiye niliyemhakikishia kwamba jina lake litasafiri hadi mjini likiwa chini ya kufuli. Akakubali kwa neno langu.

Niliporudi mjini, Mkuu hakunipongeza. Aliuliza imekuwaje Ilemba, yenye mtandao dhaifu, ituzidi kwa wepesi. Akataka maandishi ya ujenzi, tukayasoma pamoja. Katikati kabisa palikuwa na mstari mmoja: maktaba ya kufuli haikuonekana, ujenzi unaendelea bila hiyo.

Maktaba ya namna hii huja kwa vifurushi viwili, kimoja cha kuendeshea programu, kingine cha kuijengea. Mimi niliweka cha kwanza tu. Programu haikulalamika, ilijengeka bila kufuli, ndiyo maana ikawa nyepesi, na majina ya wagonjwa yakasafiri uchi.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mkuu alisema. "Ulidhani zile karatasi nilikupa upepee moto?"

Kesho yake nilishuka Ilemba. Niliweka kifurushi kilichokosekana, kisha nikabadilisha maelekezo ya ujenzi: kufuli lisipoonekana, simama. Kazi hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa kumngoja yule mzee aje kunywa dawa. Hakuna aliyeniagiza kumwambia, na angeweza asijue maisha yake yote. Niliona aibu hata shikamoo ikatoka kwa shida. Nikamweleza yote.

"Siku hizo zote, nani amesoma?" akauliza.

"Sijui, baba. Huenda hakuna. Lakini siwezi kujua."

Aliniambia nimfute, nami nikamfuta mbele yake. Nikajitetea kwamba sasa kufuli lipo, nimelipima mwenyewe. Akaniuliza kama ugonjwa wangu mimi umeandikwa humo.

Nina kifafa tangu utotoni. Dawa zangu nilikuwa nazinunua kwa siri, hata Mkuu hakujua. Niliketi nikaandika jina langu, na mbele yake ugonjwa wangu. Muuguzi alimsomea. Mzee akamwambia muuguzi, "Haya, niandike chini yake."

Binti aliolewa. Nilialikwa, na nilicheza mpaka kiatu kikakatika ukanda.

Sasa nimestaafu, nalima ulezi kidogo hapa Malangali. Vijana walioshika kazi hunipigia simu kulalamika kwamba programu yangu inagoma kujengeka kwenye mashine mpya. Nawaambia iko sawa, watafute kifurushi cha pili. Nao wamedumisha desturi moja nyingine: anayejenga ndiye anayeandikwa wa kwanza.

Mzee amekwisha kutangulia. Aliniruhusu nisimulie haya ili ninyi mjifunze. Ugonjwa wangu nimewatajia mwenyewe. Jina lake hamtalipata kwangu.