Nilisema Ngumi ya Kalenga Haikuwa na Uzito

Februari 1975 nilimpoteza yaya wangu Ngoie, kaka yangu mkubwa wa tumbo moja. Hakuuawa na mgodi wala ugonjwa. Aliuawa na mdomo wangu. Hakuna mtu aliyewahi kunishtaki kwa hilo, basi najishtaki mwenyewe!

Jina langu sitaandika. Watoto wa yaya bado wako Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji wa shaba, katika zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, na watoto wa Kalenga wako ng'ambo ya barabara, mlango unatazama mlango.

Kalenga na yaya walikuwa marafiki tangu ujana. Enzi za Wabelgiji ndio waliokuwa mabondia wa uzito wa juu wa kambi yetu. Walipigana wao kwa wao mara moja tu. Raundi ya pili Kalenga alimwangusha yaya, na kuanzia siku ile watu wakamwita Vagon, maana walisema ngumi yake ni sawa na behewa la mawe ya shaba lililokatika breki. Hata wajukuu zake walimwita hivyo, naye aliitika kwa furaha. Mimi nilimwita tata, yaani baba, kwa heshima.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo Kalenga hakulijua. Yaya alinieleza mwenyewe, mwaka alioumwa akadhani anakufa. Mzungu mkuu wa kambi alipenda sana ngumi, na alikuwa ameahidi kwamba atakayeshinda atatolewa shimoni apewe kazi karakana. Kalenga kifua chake kilikuwa kibovu, anakohoa mpaka anainama. Shimoni asingemaliza mwaka. Basi yaya akaanguka makusudi. Kalenga akaenda karakana, yaya akabaki shimoni.

"Na ngumi yake ilikuwaje?" nilimuuliza.

Yaya akacheka kidogo. "Ngumi ya Kalenga? Sawa mutoto anapiga odi ku mulango. Lakini ile maneno ibakie hapa, mi na weye."

Niliapa. Na kwa miaka mingi nilikaa nayo vizuri.

Kisha likaja lile pambano la Kinshasa tulilolisikiliza kwa redio. Miezi ikapita, Kapata bado ina homa ya ngumi. Kila Jumapili baada ya misa tulikaa kwenye baa tukibishana nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote. Vijana walimtetea yule aliyeanguka Kinshasa, kwa kuwa kabla ya hapo alikuwa akitupa watu wazima kama magunia. Wazee wakasema huyo ni mtoto mbele ya bingwa mweusi wa wakati wa vita kubwa. Wengine wakamtaka yule mzungu mfupi aliyeacha ulingo bila kushindwa hata siku moja. Tulipiga meza mpaka chupa zikaruka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona watu hao kwa macho!

Jumapili ile nilikuwa upande wa mzungu mfupi. Fundi mmoja, Mukalay, alinikatiza.

"Weye nyamaza! Kazi yako kugawa bilato ku depo. Ngumi utaijulia wapi?"

Ni kweli, kazi yangu ilikuwa kugawa viatu vya wachimbaji. Watu wakacheka.

"Kwenu banajuaka tu kulala," akaongeza. "Yaya yako alilala raundi ya pili!"

Baa nzima ikapasuka kwa kicheko. Kalenga alikuwa kwenye kona, na yeye hakucheka. Alisema kwa upole, "Mumuache, bana. Ngoie alikuwa na nguvu. Ni vile ngumi yangu ile siku ilikuwa nzito."

Ule upole wake ndio ulionichoma. Ningeweza kukuambia, msomaji, kwamba nilimtetea yaya. Uongo! Nilitaka kushinda ubishi, basi.

"Nzito?" nikasema. "Yaya aliniambia ilikuwa sawa mutoto anapiga odi ku mulango. Alianguka mwenyewe, tata Kalenga, ju ya weye upate kazi ya karakana!"

Ee Mungu wangu! Hata Mukalay aliinamisha kichwa. Kalenga aliweka glasi yake mezani taratibu, akatoka nje. Nikamfuata, na wengine wakanifuata mimi.

Yaya alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anakula. Kalenga akasimama mbele yake.

"Ngoie, ile siku ulianguka mwenyewe?"

Yaya hakumtazama. Alinitazama mimi. Yale macho! Sikuona hasira ndani yake. Ingekuwa hasira ningepumua.

"Kalenga, kaa, tukule," akasema.

"Nakuuliza."

"Tuko bazee, ndugu yangu. Kaa."

"Myaka yote hii batoto yangu bananiita jina ya uongo?" Akavua koti lake, akalitupa chini. "Simama. Nitakupiga moja tu, sawa ile siku. Nataka kujua."

Mama Kyungu, mke wa yaya, alitoka jikoni mbio. "Vagon, una wazimu? Mbele ya batoto?"

Yaya akamzuia kwa mkono. Akamuuliza Kalenga, "Ukisha kupiga, maneno itakuwa imeisha?"

"Itaisha."

Yaya akaweka sahani chini, akasimama, akaachanisha miguu, mikono ikining'inia. Nyuma yake palikuwa na ngazi ya sementi ya mlangoni. Niliiona ile ngazi! Nilitaka kusema, "Yaya, sogea mbele." Mimi niliyesema mengi pale baa, ulimi ukagoma. Nikaona bega la Kalenga linarudi nyuma, nikafumba macho.

Nilisikia vishindo viwili. Cha kwanza kidogo, cha pili kikubwa.

Nilipofumbua, yaya alikuwa chini, kisogo kwenye ngazi, na Kalenga amepiga magoti anamwita, "Ngoie! Ngoie!"

Hospitalini mama Kyungu alisema mumewe ameteleza. Kalenga alifungua mdomo asahihishe, yule mama akamshika mkono kwa nguvu mpaka akanyamaza. Nami nikaitikia: ndiyo, ameteleza. Hilo nalo naliungama hapa. Siku ya tatu yaya alikata roho bila kusema neno.

Ndugu msomaji, kama mtu amekupa siri yake, hiyo si mali yako ya kushindia ubishi. Wakucheke! Kicheko kinaisha kabla chupa haijaisha. Nami nikiona watu wanabishana mpaka leo juu ya ngumi za watu wa zamani, nainuka naondoka.

Siku ya mazishi, udongo ulipokwisha kujazwa, Kalenga alinivuta kando.

"Weye ulikuwa karibu kuliko bote," akasema. "Niambie. Alianguka mwenyewe, ao ni mi nilimwangusha?"

Nilielewa anachouliza. Nikisema alianguka mwenyewe, Kalenga hana ngumi na hajawahi kuwa nayo. Nikisema ni ngumi yake, jina lake linarudi, na pamoja nalo damu ya rafiki yake. Nilikuwa na ukweli mmoja tu.

"Tata," nikasema, "nilifumba macho."

Aliuachia mkono wangu.

"Ku baa hakuna mutu alikuuliza," akasema, "na ulisema."

Akageuka, akaenda kwenye lori lililotuleta makaburini. Wanaume walimpisha akae mbele, karibu na dereva, kama mzee. Alikataa. Alipanda nyuma, akakaa sakafuni katikati ya wanawake waliokuwa wakilia.