Majani ya Maharage ya Mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya majani ya maharage yakichemka, natamani kurudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, hata na jua lake lile. Sisi watu wa Kivu ya Kusini hatungoji maharage yakomae. Tunaanza kuyala yakiwa bado majani. Mama alichuma kila jioni, mkono mwepesi, shamba likabaki vijiti.

Wakati huo nilikuwa nasoma sayansi Mbarara, nimepanga chumba mtaa wa Kakoba. Likizo moja nilirudi kambini na kiherehere cha mwanafunzi, nikang'oa shina moja nitazame mizizi.

"Unang'oa chakula, wewe muntu wa masomo?" Mama akapiga kelele. Alipoona vinundu mizizini akasema, "Ile ni minyoo. Tupa!"

Nikamwambia si minyoo, ni nyumba za bakteria wanaochota nitrojeni hewani na kuulisha mmea. Taabu yao ni oksijeni: wanaihitaji wapumue, na hiyo hiyo inawaharibia kazi. Basi mmea huwawekea ute mwekundu unaowagawia kidogo kidogo, na wao wenyewe wana vimeng'enya vya kuzima sumu yake.

"Kumbe ni bageni benye balipewa jembe," Mama akacheka.

Nikapasua kinundu. Ndani kilikuwa cha kijani, kimechoka. Nikang'oa shina la pembeni ambalo Mama hakuwa amelifikia. Chake kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Nikaeleza kwamba sukari ya majani ndiyo inayowalisha bakteria. Ukiyamaliza majani, kinga yao inavunjika, sumu inawashinda, na mavuno yanakuwa haba.

Mama akavitazama vile vinundu viwili kiganjani.

"Sasa bukari tutaikula na nini?"

Niliona aibu. Mama aliacha kuchuma. Likizo nzima tulikula bukari, ugali wetu, kwa chumvi, tukibahatika, na visamaki vya ziwani. Kila tulipokaa kula alinitania, "Karibu, bakteria." Nilimpenda sana kwa mzaha ule, maana njaa yake niliiona.

Asubuhi ya kurudi Mbarara nilikuta sufuria imejaa majani laini, yameungwa kwa mawese. Nje, mstari mzima wa maharage ulikuwa umebaki vijiti. Nikaanza kulalamika.

"Bile bidudu bitanisamehe," alisema, akinisogezea sahani. "Mutoto wangu anaenda."