Wiki Bodi ya Nyama Ilipovunjwa

Sikusoma mbali, kwa hiyo naandika nilichokiona tu, na hata hapo naweza kuwa nimekosea.

Ilikuwa ile miaka baada ya mkataba wa amani kutiwa sahihi na vita vya kwetu kuisha. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka ukimbizini Uganda, nikiuza nyama katika soko la Mauna. Kila asubuhi mkaguzi wa bodi ya nyama, mzee mmoja mpole, alikata ini, akalipindua, akagonga muhuri wa wino wa zambarau. Bila muhuri huuzi. Halafu barua ikabandikwa sokoni: bodi imevunjwa, kazi yake inahamia baraza la mji.

"Kalas, imekwisha," alisema jirani yangu muuza mbuzi. "Sasa ng'ombe atajikagua mwenyewe."

Mzee alicheka nasi, lakini mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua koti lake jeupe. Baraza lingechukua wakaguzi wachache tu, na nyumbani wajukuu walikuwa wakimtegemea yeye.

Siku ya tatu akaja ofisa wa baraza, mama mwenye daftari, akiuliza wauzaji kuhusu kila mkaguzi. Wengine walimsifu tu mzee. Mimi nilisema hajawahi kuniomba hata kipande. Nikasema pia siku moja alinitupia jalalani mguu mzima wa ng'ombe, nikamchukia, kumbe umeoza kweli.

"Na kosa lake?" akauliza yule mama.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema kwamba msimu wa mvua, akiwa na homa, aligonga muhuri bila kukata ini. Mara moja tu. Nikarudia, mara moja tu. Aliandika, ila sikujua kama na hilo la mwisho aliliandika.

Wiki iliyofuata mzee akaja mezani kwangu bila koti.

"Wamenichukua, dada. Lakini si kwa kisu. Nitakuwa nafungua geti la machinjio."

"Ni mimi, mzee. Nilisema juu ya lile ini."

"Najua. Walinisomea." Akavuta kiti. "Na sikulikata kweli. Siku ile nililala nikiwaza nani ameila nyama ile."

Lazima niseme, mkaguzi mpya anakata kila ini, na vizuri. Lakini siku ile nilitaka mzee anigombeze, ingekuwa nafuu kwangu. Akauliza tu kama nina chai. Nikamtilia, nikakaa naye, wateja wakangoja.