Nimemwambia aanze na kichwa cha samaki

Admin, nifiche jina tu. Mahali paache, Kibera ni kubwa na hakuna atakayenijua.

Nina miaka thelathini na tatu, sijaolewa, sina mtoto. Nina hoteli ndogo ya samaki upande wa Ayany: meza sita, jiko moja, wasichana wawili wa kunisaidia. Kwetu ni Kitui. Nataja Kitui kwa sababu kisa chote kimetoka hapo. Kwetu tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na nyama ya mbuzi. Samaki mzima, mwenye macho na mkia, nilimla mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na saba, mbele ya mwanamke niliyetarajia kuwa mkwe wake.

Wakati huo nilikuwa nasuka nywele Kawangware. Mwanamume nitamwita Ben. Tulikuwa pamoja miaka miwili, naye anaishi na mamake Riruta. Siku ya kunitambulisha akatupeleka hoteli ya samaki hapo Kawangware, mimi, yeye, mamake na dadake. Mama akachagua samaki mkubwa, akaagiza apikwe kwa mchuzi na aletwe kwenye sahani moja, tule pamoja.

Nyumbani nililelewa hivi: msichana mwenye heshima hugusa kwanza kile kibaya zaidi, nyama akawaachia wakubwa. Kuku akichinjwa, mimi ni wa shingo. Nikaitazama ile sahani nikaona mahali penye mifupa mingi kuliko kwingine. Nikakivunja kichwa, nikakiweka upande wangu. Nilidhani natoa heshima.

Mama akarudisha tonge la ugali kwenye sahani. Sikujua kwamba kwao kichwa ni cha mkubwa wa meza, na mwingine hakigusi mpaka apewe. Hakunikaripia. Alimtazama mwanawe, akasema, "Huyu ameingia mlangoni leo, na tayari amekalia kiti changu."

Dadake Ben akaniambia, "Kula shem, na macho usituachie."

Ben akacheka. Si kicheko cha kuficha aibu. Aliegemea kiti akacheka mpaka akapangusa machozi. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba sikujua. Hakulisema. Wiki mbili baadaye alinitumia ujumbe kwamba mama amekataa. Lakini walikuwa tayari wamekieneza kisa. Dadake alikuwa akisukwa palepale saluni kwetu. Wateja wakaanza kuniita Kichwa. "Kichwa yuko? Nataka anisuke." Nilivumilia miezi minne, nikahama.

Kibera nilipata kazi ya kutoa magamba kwa mama mmoja Mnubi aliyekuwa na kibanda cha samaki. Alinifundisha kumpasua samaki bila kumwaga nyongo, kumjua wa jana kwa kumtazama shavu, na kumgeuza mara moja tu kwenye mafuta. Na nikajua vichwa. Kila anayekaa mezani kwangu, najua kichwa kitaenda kwa nani kabla sijaweka sahani chini. Yule mama alipozeeka aliniachia kibanda, nikakipanua.

Jumatatu wiki hii alikuja msichana wa kama miaka ishirini na tano. Aliposikia ninavyoongea, akanisalimia kwa Kikamba. Ni wa Machakos. Mwenzake wa kazini alimwambia samaki wangu hawana mfano, naye anataka meza ya watu wanne Jumamosi saa saba mchana, kwa sababu mpenzi wake anamleta mamake wajuane. Nilipouliza niandike jina gani, alinipa la mpenzi wake, majina yote mawili. Nikauliza wanatoka wapi. Riruta, na dada mtu atakuwepo.

Nikaandika. Ni Ben yuleyule.

Akabaki amesimama pale, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sister, mimi samaki sijui kumla. Kuna kitu sifai kugusa? Sitaki kujiaibisha kwa mathe yake."

Nilikuwa napangusa ubao wa kukatia. Niliupangusa mpaka mwisho ndipo nikamjibu. "Anza na kichwa. Kivunje wewe mwenyewe, usingoje kuambiwa. Nyama waachie wakubwa."

Aliandika kwenye simu. Akasema hata kwao ndivyo alivyofunzwa, kuacha kizuri. Akaniachia namba yake, na jioni akanitumia ujumbe: asante dada, Mungu akubariki.

Samaki nimeshamwagiza, mkubwa, kichwa kama kiganja changu. Sahani nitaipeleka mimi mwenyewe, si wasichana. Nataka mama anione. Nataka dada mtu aniite Kichwa kwenye hoteli yangu. Na zaidi ya yote nataka nisimame hapo nimtazame Ben. Akicheka, huyu msichana atajua mapema ni mtu gani anayemuoa, na nitakuwa nimemsaidia. Hivyo ndivyo ninavyojiambia.

Lakini kuna jambo moja sikulipigia hesabu, na ndilo linalonifanya niwaandikie. Itakuwaje akimtetea? Akisema, "Mama, hakujua"? Basi nitajua kwamba miaka sita iliyopita maneno hayo mawili alikuwa nayo mdomoni, na kwangu aliyabana.

Msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa. Wala msiniambie msichana hana kosa. Najua hana. Hata mimi sikuwa nalo.

Leo ni Alhamisi. Namba yake ninayo. Ninyi mliowahi kuchekwa mbele ya wakwe, niambieni: nimpigie, au Jumamosi niibebe sahani?