Binti wa Mkuu wa Shule Ambaye Hakuwepo

Eti mimi siijui historia ya ile tamthilia ya shule? Mimi? Kaa chini. Mimi ndiye niliyeifundisha Rulenge nzima historia hiyo, kwa kipaza sauti, mchana kweupe. Niliifundisha kinyumenyume, hilo nakubali, na kwa sababu hiyo rafiki yangu anakaribia kukosa mke.

Niliishia darasa la saba. Kiingereza nimejifunza mwenyewe kwa kamusi isiyo na jalada, inayoanzia herufi C, ndiyo maana maneno ya A na B mpaka leo nayakisia. Lakini pale kwenye banda la video hakuna aliyekuwa na kamusi hata ya kuanzia W, kwa hiyo mtafsiri nikawa mimi. Tamthilia ikija haina sauti ya Kiswahili, nasimama kando ya runinga, mzungu akisema maneno kumi mimi nasema ishirini.

Ile tamthilia ina umri unaonizidi. Inahusu sekondari moja huko kwenye theluji, na ujanja wake ni kwamba wanafunzi wanakua kweli. Darasa moja likihitimu linaingia jingine, na matatizo yanaanza upya: mimba, madawa, baba mlevi, rafiki msaliti. Iliwahi kusimamishwa, watu wakaisahau, halafu miaka mingi baadaye ikafufuliwa, korido zile zile, watoto wapya. Na msichana mmoja wa lile darasa la kwanza kabisa akarudi akiwa mtu mzima, sasa ni mkuu wa shule.

Hivyo ndivyo ilivyo. Lakini huku Rulenge, flashi iliyotangulia kufika ilikuwa ya huo ufufuo. Tukamzoea mkuu wa shule, mama wa makamo, mkali, analia akiwa peke yake ofisini. Baada ya mavuno ikafika flashi ya pili, ile ya kale, na ndani yake kuna msichana wa miaka kama kumi na tano, uso ule ule. Bila hata kukohoa nikatangaza, "Huyu ni binti wa mkuu. Tunaendelea." Picha ilikuwa imepauka kama kitenge cha kulimia. Nikawaambia safari hii walipiga picha wakati wa jua kali.

Sasa, huyu rafiki yangu ni wa Mbuba. Tumelima pamoja, tumeugua malaria kwenye mkeka mmoja. Msichana wake ni mwalimu wa shule ya msingi kwao Biharamulo, na likizo ile alikuwa amekuja kwa shangazi yake Rulenge. Akaja bandani. Akainua mkono kama tuko darasani, akauliza kwa upole kabisa: kama huyo ni mtoto, mbona mama ana simu ya kupangusa na mtoto anatumia ya waya? Nikamjibu kwamba shule za huko zinakataza simu za kupangusa. Akauliza mbona hata magari ni ya zamani. Nikasema huo ni mtaa wa maskini. Banda zima likamcheka yeye. Akamgeukia mwenzake amtetee.

Rafiki yangu akasimama. L haimkai mdomoni akiwa na hasira. "Mwarimu," akamwambia, "huyu bwana hajawahi kukosea."

Nilivimba. Ungenichoma sindano ningepasuka.

Wiki iliyofuata nilikuwa peke yangu bandani, naipitia flashi ile ya kale. Wanafunzi wanapigwa picha mbele ya shule, upepo unavuma, yule msichana amebana kofia yake kwa mikono miwili. Picha hiyo hiyo nilishaiona kwenye flashi ya kwanza: mkuu wa shule anafungua droo, anaitoa, anaililia. Mimi nilikuwa nimetafsiri kwamba anamlilia binti yake aliyetoroka na dereva wa lori. Nikarudisha nyuma mara tatu. Mtu mmoja. Hakuna binti, hakuna lori.

Nikazima runinga nikaenda kula maharage. Sikumwambia mtu. Bila kile kipaza sauti, Rulenge ningekuwa nani?

Halafu rafiki yangu akaandika barua ya posa, na mimi akanichagua niwe mshenga, akawatumia salamu kwao binti. Kutoka Biharamulo likaja jibu kwamba barua inakaribishwa, ila isiletwe na yule mwongo wa bandani. Rafiki yangu akajibu bila huyo hakuna barua. Binti akasema basi, hakuna barua. Na mimi, kwa akili zangu hizi, nikamsifu mwenzangu kwa kukaza. Nilimsifu mpaka siku nilipomkuta shambani anapalilia tuta alilokwisha kulipalilia jana yake. Nikamwambia twende Biharamulo.

Tulibadilisha gari mara mbili. Mama yake binti alikuwa uani anapepeta karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mshenga?"

Nikasema nimekuja kuhusu tamthilia. Akanitazama kama vile nimeingia msibani nikaulizia pampu ya baiskeli, kisha akamwita binti yake.

Binti akaketi kwenye kigoda, mikono kwenye mapaja. Nikamwambia yule mkuu na yule msichana ni mtu mmoja, wewe ulikuwa sahihi. Nilidhani atacheka yaishe.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

Ningeweza kudanganya. Kudanganya naweza, umeshaona. Nikasema, "Wiki ile ile."

Rafiki yangu akageuza shingo taratibu. Hilo nilikuwa sijamwambia hata yeye.

Binti akaniacha, akamwelekea mwenzake. "Wiki ile ile alijua, akakuacha ugombane na mimi hadi leo. Huyu ndiye wa kuniombea kwa baba yangu?"

Nilitamani aseme hapana. Naapa. Lakini rafiki yangu, machozi yamemjaa, akasema, "Ndiye. Sina mwingine."

Mama akaendelea kupepeta. Binti akasema barua ataipokea Jumamosi kutoka kwa mtu mwingine yeyote, hata kipofu, na Jumamosi ikipita asiletewe tena. Akaingia ndani.

Kesho ndiyo Jumamosi. Nimeshamwambia rafiki yangu amtume kaka yake, amekataa. Nimemtukana, amekataa. Barua ameniachia mimi, na asubuhi atanipitia. Nikijificha, nitakuwa nimemsaliti mara ya pili. Nikienda naye, namkosesha mke. Haya, wewe uliyenibishia, kesho ungemfungulia mlango?